Paa Hufungwa Kiangazi, Siyo Siku ya Mvua

Ndugu wasomaji, vijana wenzetu wa Nyarugusu na kambi zingine, pamoja na nyinyi mnaofanya kazi na mashirika, leo tunataka kuongea juu ya kitu ambacho saa hizi hakuna mtu anakiwaza: mvua. Tunajua mtacheka. Jua linawaka, vumbi limejaa mpaka kwenye sahani, na njia ya kwenda kwenye mgao imekuwa nyeupe. Ndiyo maana tunaongea sasa. Kiangazi ndiyo wakati wa kuongea juu ya mvua, kwa sababu mvua ikishafika inaongea yenyewe, na sisi tunabaki kukimbia.

Sisi tunaoishi huku Kigoma tunaujua mwaka wetu. Juni na Julai usiku ni baridi, asubuhi mama zetu wanajifunga vitenge viwili kwenda bombani. Agosti nyasi zinakauka, moshi wa mashamba yanayochomwa unaonekana kwa mbali, na jioni upepo unaanza kuzunguka na vumbi lake. Septemba joto linapanda, watu wanalala mlango wazi. Halafu kuna siku moja, mara nyingi mchana, mawingu meusi yanasimama upande mmoja, upepo unakuja baridi ghafla, na kabla ya tone la kwanza la mvua mabati yameshaanza kupiga kelele. Mvua za mwanzo ndizo zenye upepo mbaya, na mara nyingine zinakuja na mawe. Mvua ya katikati ya msimu inaweza kunyesha siku nzima bila kumdhuru mtu. Hii ya kwanza, dakika ishirini zinatosha.

Tuanze na kitu kilichotupata sisi wenyewe, maana hatutaki kuonekana kama tunawafundisha wengine wakati sisi tuko sawa.

Mwaka jana kuna bibi mmoja anakaa karibu na uwanja tunaochezea mpira. Anakaa na wajukuu watatu. Nyumba yake ni ya matofali ya udongo, juu nyasi na turubai la zamani. Kwa siku kadhaa tulikuwa tunapita pale tukienda mazoezini, na tuliiona kamba ya upande wa nyuma imekatika, turubai linapepea kama bendera. Tuliiona sisi wote. Mmoja wetu alisema hata, "Hii ya bibi itaruka." Tukacheka, tukaenda kucheza.

Siku ya tatu ikaruka. Ilikuwa usiku. Tulisikia mayowe tukatoka, tukakuta paa lote limefunguka, wajukuu wako chini ya meza, na bibi anashika ncha ya turubai kwa mikono yake miwili kama mtu anayevuta ng'ombe. Tulishika na sisi, watu saba, mpaka mvua ikapungua. Lile jiwe lililokuwa limewekwa juu ya paa kuzuia turubai lilianguka ndani, hatua moja kutoka pale mtoto mdogo alipokuwa amelala. Hatua moja. Asubuhi kadi yake ya mgao ilikuwa imelowa, karatasi zimeshikana kama chapati. Alihangaika wiki nzima kwenye ofisi moja baada ya nyingine mpaka akapata ingine.

Bibi alitushukuru sana. Alituita wajukuu zake. Na hapo ndipo tuliposikia aibu, kwa sababu kamba ile ilihitaji dakika tano na mtu mmoja tu mwenye urefu wa kufikia. Watu saba tulikaa kwenye mvua usiku kwa kazi ya mtu mmoja mchana.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: nyumba itengenezwe kiangazi, itengenezwe na sisi wenyewe kwa kile tulicho nacho, na wale wanaotusaidia walete msaada wao kabla ya paa kuruka, siyo baada. Tunajua kuna watu hawakubaliani nasi, na tumewasikiliza. Tuwajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza anasema, "Nitengeneze nyumba ya nini, si tunaondoka?" Huyu tunamheshimu sana kwa sababu neno lake liko mioyoni mwetu wote. Kuna mtu anangoja kurudi Burundi, kuna mtu anangoja amani ya Kivu Kusini, kuna mtu ana kesi ya kwenda Marekani ambayo imesimama tangu Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Mtu akipigilia kigingi kipya, anaona kama anajifunga mwenyewe hapa. Wengine hata ni kama wanaogopa bahati mbaya: ukitengeneza paa, safari itakufa.

Lakini ndugu, kambi hii ilifunguliwa mwaka 1996. Walioingia hapa wakibebwa mgongoni sasa wana watoto wao. Na kila mwaka wa hiyo miaka yote kulikuwa na mtu anayesema "mwakani sitakuwa hapa." Mwingine kweli aliondoka. Lakini mvua ya Oktoba ilimkuta bado yuko, na ilimnyeshea kama mkazi. Kufunga kamba hakumaanishi umekubali kuishi hapa milele. Kunamaanisha umekubali kwamba leo usiku watoto watalala hapa. Safari ikija, kamba utaiacha kwa jirani.

Tena, huko tunakotaka kurudi mvua zipo. Aprili 2020 mito ya Uvira ilifurika, ikabeba nyumba na watu. Mei 2023 Kalehe, maji na matope yalishuka mlimani, yakaua watu zaidi ya 400 kwa usiku mmoja. Anayejifunza hapa kusoma wingu na kuchimba mfereji hajapoteza kitu. Anaondoka na ujuzi ambao hautakaguliwa mpakani.

Wa pili anasema, "Hiyo ni kazi ya shirika." Hapa tutasema ukweli pande zote mbili. Ni kweli mkimbizi haruhusiwi kufanya mambo mengi. Hatuwezi kutoka tu kwenda kukata miti, hatuwezi kujenga nyumba ya kudumu tunavyotaka, na pesa ya kununua bati wengi hatuna. Kwa hiyo turubai, miti ya kujengea na misumari, ndiyo, tunategemea mashirika. Lakini kufunga fundo siyo kazi ya shirika. Kuchimba mfereji wa jembe moja siyo kazi ya shirika. Na mwaka huu ambapo misaada imepungua kila mahali, anayengoja gari lije na fundi atangoja akiwa amelowa.

Wa tatu anasema mambo ya radi. "Radi inatumwa na mtu, utajikingaje?" Hii tunaijua, tumekua nayo. Wazazi wetu wengi walitoka Kivu Kusini, na eneo la Kabare huko ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Mahali ambapo radi inapiga hivyo, watu lazima watafute maelezo. Hatutaki kugombana na mzee yeyote juu ya nani anatuma. Tunasema tu hivi: awe ametuma mtu au hakutuma mtu, radi inapenda kitu kirefu, mti uliosimama peke yake, na mtu aliyesimama katikati ya uwanja. Ukiepuka hivyo vitu, umejisaidia.

Tarehe 2 Novemba 2024, kwenye makazi ya wakimbizi ya Palabek kaskazini mwa Uganda, watu walikuwa wamekusanyika kusali. Mvua ikaja, radi ikapiga pale walipokuwa. Ikaua watu 14 na kujeruhi zaidi ya 30, na wengi wao walikuwa watoto na vijana. Wakimbizi kama sisi, umri wetu, wamekaa chini ya mabati kama yale tunayokaa sisi tukiimba kwaya. Tulipoisikia hiyo habari hatukulala. Bati peke yake lililowekwa juu ya miti, bila waya wa kupeleka umeme ardhini, halimkingi mtu na radi. Linamkinga na maji tu.

Wa nne anasema, "Hatuna vifaa." Huyu tunamwelewa, na kwake tunaandika sehemu inayofuata, kwa sababu mengi hayahitaji vifaa. Haya ndiyo tuliyoyafanya wenyewe baada ya ile aibu, na tumeona yanasaidia.

Paa kwanza. Watu wanadhani upepo unasukuma paa. Upepo unalinyanyua. Unapita juu kwa kasi ukilivuta, na mwingine unaingia mlangoni ukilisukuma kutoka ndani. Ndiyo maana mawe juu ya turubai ni kujidanganya: upepo ukinyanyua, jiwe linaanguka, na linaanguka kwa mtu. Toeni mawe. Pitisha kamba juu ya paa kutoka upande mmoja mpaka mwingine, ifunge kwenye vigingi vilivyopigwa ardhini, na kigingi kilale, kichwa chake kiangalie mbali na nyumba, ndipo hakitang'oka. Kama huna kigingi kizuri, jaza mfuko mchanga, ufunge kwenye mwisho wa kamba, uuninginize chini ya paa au uuweke ardhini. Turubai lisilegee. Likilegea linashika maji juu kama bakuli, uzito unavunja miti. Na lile tundu dogo unaloliona ukilala mchana, lile linaloingiza nyota usiku, lishone leo. Upepo unaanzia hapo.

Siku ya dhoruba yenyewe, funga mlango na dirisha la upande upepo unakotoka. Zima moto wa jikoni kabla ya upepo, kwa sababu cheche moja kwenye nyasi kavu za Septemba inachoma nyumba kumi, na mvua itafika ikute majivu.

Halafu mfereji. Nyumba zetu za udongo mara nyingi haziangushwi na mvua ya juu, zinaangushwa na maji ya chini yanayokula msingi. Weka tuta la udongo ulioshindiliwa kuzunguka mguu wa ukuta, na nje yake chimba mfereji. Lakini tafadhali, mfereji wako uishie wapi? Hapa tumeona majirani wakigombana mpaka sungusungu wakaitwa. Mtu anachimba mfereji mzuri sana unaopeleka maji yote mlangoni kwa jirani. Na kama huyu ni Mkongo na yule ni Mrundi, maneno yanageuka, inakuwa siyo habari ya maji tena. Mfereji ni wa mstari mzima wa nyumba au si kitu. Kaeni pamoja, mtafute maji yanaelekea wapi, mchimbe kwa pamoja. Sisi mstari wetu tulichimba Jumamosi moja, mama mmoja Mrundi akapika uji kwa wote, na tangu siku hiyo watoto wetu wanacheza pamoja. Mfereji ulifanya kazi ambayo mikutano mingi ya amani haikuifanya.

Choo nacho. Mvua inaanguka ndani ya shimo, udongo unalainika, ukuta unaanguka na mtu yuko ndani. Tengeneza kizuizi cha udongo kuzunguka ili maji yasiingie, na kama shimo limejaa au limepasuka pembeni, toa taarifa sasa. Usingoje.

Karatasi. Kadi ya mgao, vyeti vya shule, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua za kesi, vyote viingie ndani ya mfuko wa plastiki, ufunge fundo, uuninginize juu kwenye nguzo imara, siyo chini ya godoro. Piga picha kwa simu na umtumie mtu unayemwamini. Kwa mkimbizi, karatasi ikilowa ni kama mtu ameumwa.

Sasa radi. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Kama hukufika thelathini, radi iko karibu, ingia ndani, na usitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Mpira usimame. Tunajua ni ngumu, hasa mkiwa mnaongoza goli moja, lakini usimame. Usikae chini ya mti. Toka bombani, mabomba ni chuma. Acha baiskeli. Jengo kubwa lenye nyaya za umeme na mabomba ndani ya kuta, au gari lililofungwa vioo, ni salama zaidi kuliko nyumba zetu. Lakini ukweli ni kwamba wengi hatuna hiyo nafasi. Basi ndani ya nyumba ya udongo kaa katikati, mbali na ukuta, mbali na mlango na nguzo ya chuma, na simu isiwe kwenye chaji. Kanisa au msikiti wa mabati ukiwa umejaa watu na radi inakaribia, viongozi wa dini tunawaomba kwa heshima: mkiona wingu limesimama, malizeni mapema. Mungu atasikia na kesho.

Na hili watu wengi hawalijui: mtu aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Unaweza kumgusa mara moja. Tumesikia watu wakisema "msimguse, atawaua," na mgonjwa analala pale dakika kumi. Mguse. Angalia kama anapumua. Kama hapumui, weka mikono katikati ya kifua chake usukume kwa nguvu na haraka, bila kuacha, wakati mwingine anakimbia kuita watu wa afya. Wengi wanaopigwa na radi wanapona kama wakisaidiwa upesi.

Sasa tunageuka kwenu nyinyi ndugu zetu wa mashirika. Tunawashukuru, na tunajua bajeti zenu zimekatwa, wengine wenu mmebaki wawili ofisini mkifanya kazi ya watu sita. Lakini kuna jambo moja lazima tuwaambie.

Kwa uzoefu wetu, turubai linakuja baada ya nyumba kuharibika. Watu wanapita na daftari, wanaandika aliyeharibikiwa, anapewa. Na yule ambaye alihangaika, akashona turubai lake kwa uzi wa mfuko wa unga, akapaka udongo, akachimba mfereji? Wanapita nyumbani kwake wanasema "hii ni nzima," wanamruka. Mwaka wa pili huyo mtu amejifunza nini? Amejifunza kuacha paa lake liruke. Tunajua mtu, hatutamtaja, ambaye alifungua kamba zake kwa makusudi kabla ya uhakiki. Msimwite mwongo haraka. Alisoma tu vile orodha inavyofanya kazi.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. La kwanza, uhakiki wa nyumba ufanyike Julai na Agosti, na muangalie umri wa turubai, siyo tundu tu. Turubai lililokaa juani miaka mingi linaweza kuonekana zima na likapasuka kwa upepo wa kwanza. La pili, kama hakuna turubai jipya, leteni kamba na mifuko ya mchanga. Ni bei ndogo kuliko turubai na zingeokoa paa nyingi. La tatu, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inatoa utabiri wa msimu na tahadhari za mvua kubwa. Hizo taarifa zinafika ofisini kwenu mapema kuliko kwetu. Zitumeni kwa viongozi wa zoni na vipaza sauti, kwa Kiswahili na Kirundi, siku ile ile. Tahadhari iliyobaki kwenye imeili haimlindi mtu.

Na sisi vijana tusiishie kuomba. Sisi tumeamua hivi, na tunawaalika wengine mfanye vile vile kwenye mistari yenu. Kila Jumamosi kabla ya mazoezi tunatembelea nyumba tatu: za wazee wanaoishi peke yao, za akina mama wasio na mtu mzima mwingine, na za wenye ulemavu. Tunakuja na jembe, kamba tulizosokota kutoka mifuko ya zamani, na sindano kubwa. Hatungoji kuitwa, maana bibi hawezi kumwita mtu kwa kitu asichokiona kilicho nyuma ya nyumba. Tunabisha hodi, tunazunguka nyumba mara moja, tunatengeneza tunachoweza. Tusichoweza tunakiandika na kumpa kiongozi wa zoni. Inachukua saa mbili. Mpira bado tunacheza.

Wiki iliyopita tulianza na nyumba ya yule bibi. Alitutolea kiti kimoja alicho nacho, akamwambia mjukuu akaazime vingine. Tulipomaliza alivuta kamba kwa mkono wake mwenyewe kuona kama imekaza, akatikisa kichwa, akasema, "Mwaka jana mlipita hapa, niliwaona." Hatukuwa na la kujibu. Kumbe na yeye alikuwa ametuona.

Ndugu, jua bado lipo. Leo ukirudi nyumbani usiingie ndani moja kwa moja. Zunguka nyumba yako mara moja, halafu zunguka ya jirani.